Mwalimu wa Kwaya na Opera Yake

Sitaki kumsifia Mwalimu kwa sababu amezeeka. Watu wa Vudee huku milimani tuna tabia hiyo: mtu akianza kutembelea fimbo, ghafla anakuwa mpole, anakuwa mwenye hekima, na wote aliowatukana wanasahau. Mimi sijasahau. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mbishi, mwenye mdomo wa upupu, na alinitoa nje ya mazoezi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini lililompata ni kubwa kuliko ukali wake, na sehemu yake niliifanya mimi kwa koo langu hili, kwa hiyo wacha nimseme.

Nianze na sikio. Tulikuwa watu arobaini tunaimba kwa nguvu zote, mvua inapiga mabati ya darasa, naye anainua mkono wa kushoto tunyamaze, kisha anamwelekezea kidole mtu mmoja tu wa sauti ya nne, safu ya nyuma. Anamwambia ameshiba makande, aende akatembee. Na kweli mtu katoka kula makande. Mimi ni mwanamke fundi cherehani, nina kibanda changu Same mjini karibu na soko, na kila Jumamosi nilipanda mlima kwenda mazoezini. Siku nilizoshona sare za shule tangu alfajiri alinijua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Alisema nimeinama mno, pumzi imenikwama mgongoni, nitembee hadi kwenye ndiva nirudi. Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, na njia ya kwenda huko ni kupanda tu. Nilikwenda huku namlaani, nikarudi, nikaimba vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Hiyo ndiva aliipenda kwa mafundisho yake. Alisema sauti ni maji ya ndiva, ukifungulia yote asubuhi, jioni mahindi yako utayamwagilia kwa machozi. Alisema pia, ukikosea, kosea kwa sauti, nikusikie nikutibu. Waliokuwa wakiimba chinichini kwa kujificha aliwaita wezi, na aliwaita hivyo mbele ya wake zao.

Nota zake aliziandika nyuma ya kalenda za zamani, do re mi, kwa herufi ndogo zilizonyooka, na kila mwimbaji alinakili kwa mkono wake mwenyewe. Fotokopi hakutaka. Mwenzetu mmoja alipiga picha ya kalenda kwa simu. Mwalimu akamwambia basi siku ya ibada alete simu isimame safuni na yeye abaki nyumbani. Yule bwana alisusa mwezi mzima, kisha akarudi na daftari.

Na studio alizichukia. Kwaya nyingine zote huku kwetu hufanya hivi: mnakwenda mjini, mnarekodi sauti mmoja mmoja mmevaa vitu masikioni, halafu mnashona vitenge vya kufanana, anakuja mtu wa video, mnasimama penye maua au maporomoko ya maji, spika inapiga sauti yenu na nyinyi mnachezesha midomo. Ndiyo video ya kwaya hiyo, kila mtu anaijua. Mwalimu alisema wale wanafungua na kufunga midomo kama samaki wa ziwa Jipe waliotupwa ufukweni. Kwa hiyo sisi hatukuwa na video hata moja, na wenzetu wa kwaya ya jirani, ya Suji, walitucheka.

Sasa mtu kama huyo, asiyecheka, asiyetaka utani mazoezini, utashangaa kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote duniani kilikuwa mchezo wa kuchekesha. Zamani, alipokuwa mwalimu kijana, alikuja mgeni mmoja wa kanisa, mtu wa muziki, akakaa kwetu miaka miwili. Jioni moja alitundika shuka ukutani akawaonyesha filamu ya opera. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi, wanaimba mwanzo hadi mwisho, hata wakiombana chumvi wanaimba. Hii ilikuwa ya kale sana, ya kule kwao: mume mwenye wivu anamfungia mkewe ndani, mke anatoroka dirishani, anajifunika uso, anakuja kubisha mlangoni kama mwanamke mgeni na kumtongoza mumewe mwenyewe. Yule mpumbavu anakubali. Anaimba mapenzi usiku kucha na mkewe bila kumtambua, na asubuhi anaumbuka mbele ya kijiji kizima.

Mgeni alipoondoka alimwachia Mwalimu kanda na kitabu cha nota. Mwalimu alikaa nacho miaka na miaka. Alihamisha nota zote kwenye do re mi, akatia maneno ya Kiswahili, na pale mume anapotukanwa akatia Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu alisema Kiswahili hakina matusi ya kutosha kwa mtu mwenye wivu. Wazee wa kanisa walimkatalia kutumia jengo. Walisema mwanamke anatongoza. Aliwauliza kama Wimbo Ulio Bora umeshatolewa kwenye Biblia yao, akageuka akaenda zake, na tukaimbia kwenye ukumbi wa shule.

Sehemu ya mume aliiigiza Mwalimu mwenyewe, hakuna mwingine aliyeiweza. Mtu aliyenuna mwaka mzima alipanda jukwaani akawa kichekesho. Alitembea na funguo kiunoni, akanusa milango, akapiga magoti mbele ya yule mwanamke mgeni na suruali ikamkwama, watu wakalia kwa kucheka. Akishuka tu, ananuna. Mimi niliigiza mtumishi wa nyumba. Sehemu ya mke aliiigiza mke wa Mwalimu, Mama Mwalimu.

Huyu mama nimwelezeje? Alikuwa mfupi, mweusi, mkulima wa tangawizi, na shingoni alikuwa na rovu, ule uvimbe tunaoujua sana huku milimani. Alilifunika kwa kitambaa na hakuwa na habari nalo. Juu ya rovu lile ilitoka sauti ya kwanza ambayo sijasikia mfano wake. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwanzoni, kisha inanyooka, na ukisimama karibu yake ulitamani kunyamaza. Nilisimama karibu yake, sauti hiyo hiyo ya kwanza, miaka ishirini na mitatu.

Mumewe hakumsifu hata siku moja. Alimgombeza kuliko sisi sote. Nimefika kwao mara kadhaa nikamkuta Mama shambani anaimba peke yake, na Mwalimu yuko ng'ambo ya migomba anapaza sauti kwamba ameshusha sauti nusu, apandishe. Mama alishusha zaidi makusudi, mpaka mzee anatoka kwenye migomba na jembe mkononi, na hapo mama anainama kwa kicheko. Ndoa yao ilikuwa ya namna hiyo.

Halafu rovu likaanza kukua kwa ndani. Mama akawa anakosa pumzi akipanda mlima, usiku analala ameketi. Walikwenda hospitali Moshi. Daktari aliwaambia ukweli bila kuwazungusha: lazima lipasuliwe, na atapona, lakini limekaa vibaya karibu na mishipa ya sauti, kwa hiyo sauti inaweza isirudi. Wakapewa tarehe.

Mwalimu alishuka Same kesho yake. Nilikuwa napiga pasi, nikaona kivuli mlangoni, nikasema shikamoo Mwalimu, na hakuitikia. Alikaa kwenye benchi la wateja akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mtu huyu hajawahi kuniomba hata maji ya kunywa.

"Nina wiki tatu," alisema. "Nataka ile opera yote, yeye akiwa ndani, kwenye filamu. Wale watu niliowaona ukutani siku ile walishakufa zamani, na bado wanaimba. Naomba unisaidie."

Nilimwambia sawa. Ningesema nini?

Tuliwakusanya wenzetu kwa simu, wengine walishatoka kwaya, wengine wameota vitambi, wote wakaja. Nilishona nguo za mchezo, za kigeni, kwa mapazia. Mpiga video alikuwa mtu wa mjini, baba mzima anayejulikana kwa harusi na vipaimara kuanzia Same mpaka Hedaru, mtu mstaarabu, hakuchelewa. Tuliigiza siku mbili ukumbini. Yeye alitaka tutoke tukapigwe picha penye ndiva kwa sababu mandhari ni nzuri. Mwalimu akamtazama mpaka akanyamaza. Kila kipande kilipoanza mpiga video alisema imbeni tu, midomo ionekane. Nakumbuka niliona ile kamera haina kinasa sauti chochote pembeni, niliona kabisa, na sikusema. Nilidhani anajua kazi yake. Na wenzangu nao hawakusema. Video ya kwaya sote tunajua inavyotengenezwa. Aliyekuwa hajui ni Mwalimu peke yake, kwa sababu alizikataa maisha yake yote. Alidhani pasipopigwa spika filamu ni filamu, inachukua mtu na sauti yake.

Mama aliimba ameketi kati ya kipande na kipande, anakunywa tangawizi ya moto, mimi namshikia kitambaa. Siku ya pili mchana, kwenye wimbo wa mke anapobisha mlango, aliimba nikaogopa. Pumzi ilikuwa inamkatika mahali pasipofaa, na kila ilipokatika aliichukua tena na kuendelea kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Nililia nikiwa jukwaani, na mimi ni mtumishi wa kuchekesha. Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele yake kwa ajili ya mchezo, na wimbo ulipokwisha hakusimama. Tulidhani suruali imemkwama tena. Watu wakacheka.

Siku ya nne baada ya hapo wakaenda Moshi. Upasuaji ulikwenda salama. Mama akarudi mzima, shingo nyembamba, analala chali kama watu wote, na sauti haikurudi. Ulibaki mnong'ono ambao ukitaka kuusikia usogeze sikio. Miezi ikapita, mnong'ono ni ule ule.

Wakati wote huo Mwalimu hakuwa na papara na filamu. Alisema iko salama. Alipomaliza kuuguza tukaenda pamoja kuichukua. Mpiga video alituwekea viti, akafungua kompyuta, akaonekana kujivunia kazi yake. Picha zilikuwa safi kabisa. Mama anafungua dirisha, Mama anajifunika uso, mdomo wake unakwenda. Kimya. Mwalimu akamwomba aongeze sauti. Yule bwana akasema hakuna sauti mle bado, anasubiri tumletee ya studio aje aipachike.

"Kelele zote za ukumbini nimewasafishia, Mzee," alisema. "Hamna hata chembe."

Na kadi za kamera alikuwa ameshazifuta, msimu wa harusi ulianza, amesharekodi harusi juu yake mara tatu au nne. Hakufanya ubaya. Alifanya kama anavyozifanyia kwaya zote. Mwalimu aliomba tena aongeze sauti, kwa adabu tu, kama hakuelewa. Akaomba mara ya tatu. Kisha akateremka kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni, mzee mzima, miguu ameinyoosha mbele, na mimi na mpiga video tukabaki tumesimama hatujui pa kumshika.

Alizunguka na zile kadi kwa mafundi wa kompyuta, Same, Mwanga, Moshi. Kila mmoja alisema atajaribu, na kila mmoja alitoa vipande vya harusi za watu. Nyumbani alimweleza Mama mwenyewe, hakumficha. Mama aliniambia baadaye, kwa mnong'ono, kwamba yeye hakulia, alikuwa na kazi ya kumtuliza mwanamume.

Ndipo Mwalimu akaja kibandani kwangu mara ya pili. Safari hii nilijua anataka nini na nilianza kukataa kabla hajakaa. Nilimwambia mimi si Mama, siwezi kuimba sehemu yake. Akasema hakuna mtu mwingine aliyesimama karibu yake muda huo wote, na kwamba bila sauti ile filamu ni ya samaki. Nilimwambia amuulize Mama kwanza. Akasema ameshamuuliza, na Mama amesema fanyeni mnavyoona. Jamani, kusema mnavyoona siyo kusema ndiyo. Nilijua hivyo mimi kama mwanamke, na bado nilikwenda.

Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, ukutani wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Wenzetu waliimba sehemu zao wakamaliza kwa siku moja. Mimi nilichukua siku tano. Mwalimu alikaa kando yangu, mbele yetu picha ya Mama kwenye kioo, na alinifundisha pumzi moja moja. Hapa anakwaruza, kwaruza. Hapa inamkatika, kata. Usipendeze, alisema, yeye hakuwa anapendeza, alikuwa anaimba. Siku ya tano nilifunga macho nikaimba wimbo wa mlangoni na nikajisikia siko mle. Nilipofumbua, Mwalimu alikuwa ametoa vile vitu masikioni, ameviweka mapajani. Alinishukuru. Nilipanda bodaboda kwenda nyumbani nikiwa na hisia ya mtu aliyeiba msibani.

Tuliionyesha ukumbini Vudee, watu wakacheka palepale panapochekesha, wengine wakamshangilia Mama kwa sauti yangu. Mama alikaa mstari wa mbele mpaka mwisho. Alinishika mkono akautingisha, akaenda nyumbani kukamua ng'ombe. Tangu siku hiyo hajaitazama tena.

Mwalimu aliitazama. Kwaya aliiacha, nota alizifunga kwenye mfuko wa mbolea akaweka darini. Watu waliopita kwao waliniambia ile opera inapigwa asubuhi na alasiri, na mzee ukimsalimia anakuonyesha kidole unyamaze. Nilisema ni uzee, nikajipa kazi nyingi, nikakaa karibu mwaka bila kupanda.

Mwezi uliopita nikapanda. Nilimchukulia Mama kitenge. Nilimkuta uani anachambua maharage, tukasalimiana, nikainama nisikie habari zake. Ndani filamu ilikuwa inaendelea kwa sauti ya juu. Nilijisikia mwenyewe mpaka nje, nabisha mlango. Mama alitenga chai, akasimama mlangoni, akamwita mumewe. Niliona midomo yake ikimwita. Akaita mara ya pili. Mzee alikuwa ameegemea mbele, uso karibu ugonge kioo, hasikii kitu. Mama hakuonyesha kushangaa, na hapo nikajua ndivyo wanavyoishi kila siku. Nilipita katikati yao nikaizima ile televisheni.

Aliniambia niwashe. Nikamwambia Mwalimu, Mama anakuita, mkeo anakuita na wewe umekaa unanisikiliza mimi.

"Unadhani sijui ni wewe?" alisema. "Mwanzoni nilikuwa nikiangalia mdomo wake naisikia yake, chini ya yako. Ilikuwepo. Ndiyo maana naangalia. Sasa ni miezi siipati. Hata shambani, hata nikifunga macho nikasema nimkumbuke, inakuja yako. Nimemfuta mwenyewe, kwa sikio langu."

Nilisema Mwalimu nisamehe, akatikisa kichwa kwamba siyo hilo. Nilitaka Mama awe hajasikia, lakini alikuwa palepale mlangoni.

Mama aliweka chini kikombe. Alivuta kigoda akakisogeza mpaka ubavuni kwa mumewe, akaketi, akafungua kitambaa cha shingoni, kovu likaonekana. Akasogeza mdomo kwenye sikio lake. Kifua kilipanda, na kwa mdomo ulivyokwenda nilijua ni ule wimbo wa mlangoni, ila hapakutoka kitu ila hewa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao na sikusikia nota hata moja. Mwalimu alikunja uso, akafumba macho, akakinga sikio kwa kiganja. Mama alifika mwisho wa mstari, pumzi ikamwishia, akamtazama.

"Tena," Mwalimu alisema.

Mama akavuta pumzi, akaanza upya.